Mulipe kazi, musilipe kiti



Mwaka jana nilimaliza staji ya miezi sita mu biro moja ya katikati ya muji. Jina ya kampuni sitaitaja, juu mambo yenye nitaeleza inapatikana mu mabiro mingi. Kampuni ile inapelekea migodi vyombo na vipande vya mashini. Kazi yangu ilikuwa kuandika fakture, kulinganisha vitu vyenye vilitoka mu depo na vile vyenye mugodi ulipokea, kisha kutuma hesabu kila siku ya tano. Yote ilikuwa mu ordinatere. Miezi sita nzima sikugusa hata kipande kimoja cha mashini.

Siku ya mwisho mukubwa wa kazi aliniita. Alinisifu: hesabu zangu zilikuwa sawa, wateja hawakulalamika. Nikaanza kufurahi mu roho. Kisha akasema: "Kazi iko, kijana. Lakini kiti njo hakuna. Unaona weye mwenyewe, biro imejaa."

Alikuwa anasema kweli. Watumishi walikuwa tisa mu vyumba viwili, viti tisa, na mimi nilikuwa najibana ku pembe ya meza ya mwingine. Ili anikamate ku kazi, ilibidi apangishe chumba cha tatu, na bei ya vyumba vya biro katikati ya muji munaijua. Basi nikarudia Karavia na bahasha yangu ku kwapa. Mupaka leo niko natafuta.

Nimefikiri sana juu ya kile kiti. Niko na diploma ya uchumi, walinifundisha kuhesabu gharama, na sasa wakati ninao mwingi wa kuhesabu. Kwa hiyo leo siandike ili kulia. Nataka kuongea na wenye kutoa kazi mu muji wetu kwa luga ya faida, juu njo luga yenye wanasikia haraka. Nasema hivi: mukiachia watumishi wenu wa biro watumikie ku nyumba siku mbili kila juma, kampuni zenu zitapata faida. Na sisi wenye tumebakia inje ya mulango, tutapata fasi.

Kwanza tupatane juu ya neno. Nilipoelezea mama yangu kama nataka kazi ya kutumikia ku nyumba, alinionyesha ndoo na sahani za jana. "Kazi ya nyumba? Njo hii, anza!" Tulicheka. Lakini hata wakubwa wa kazi wengi wanasikia hivyo: kijana analala, anaosha sahani, anaangalia mupira, na mwisho wa mwezi anakuja kulomba mushahara. Hapana. Mutumishi ako na mukataba ule ule, kazi ile ile, masaa yale yale. Kitu yenye inabadilika ni fasi tu. Asubui anafungua ordinatere yake ku Katuba, ku Ruashi ao ku Karavia, anafanya kazi, anaituma, na mukubwa anaipima.

Mu ile staji nilijaribu kulomba. Ilikuwa mwezi wa tatu. Saa ine ya asubui umeme ulikatika mu biro. Jenereta iliwashwa, lakini juu mazutu ilikuwa kidogo, walitia moto mu chumba cha mukubwa na cha kasa peke yake. Sisi wengine tuliikala mbele ya ordinatere zenye zimezimika. Saa tano, saa sita, saa saba. Mama akanipigia simu juu ya mambo ingine, nikamuuliza kama umeme uko huko nyumbani. Akasema uko tangu asubui. Nikaenda kwa mukubwa: "Baba, niruhusu nirudie Karavia, nitamaliza fakture zote leo mangaribi, nitazituma ku WhatsApp." Akaniangalia kama mutu mwenye analomba deni. "Na huko nyumbani, ni nani atakuona?"

Nikarudia ku pembe yangu ya meza. Tuliikala pale mupaka saa kumi. Hakuna fakture hata moja ilitoka siku ile, lakini wote tulionekana. Mugodi ulipokea fakture kisha siku mbili, na malipo nayo ikachelewa. Ile siku kampuni ililipa watu tisa juu ya kuonekana.

Wandugu, hapa kwetu umeme haukatike fasi zote saa moja. Delestaje inapita kartie kwa kartie. Leo Bel-Air iko mu giza na Kampemba iko na umeme, kesho ni kinyume. Mukikusanya watumishi wote chini ya waya moja, ile waya ikikatika kazi yote inasimama. Mukiwatawanya mu makartie mbalimbali, wakati wawili wako mu giza, saba wanaendelea. Mukulima mwenye kuwa na akili hapandi mahindi yake yote mu bonde moja. Mu inchi ya umeme wa shida, kutumikia ku nyumba si anasa ya Wazungu. Ni namna ya kujikinga.

Sasa tuhesabu viti. Viti tisa, siku tano za kazi: ni nafasi 45 kwa juma. Kama kila mutumishi anakuja siku tatu na anatumikia ku nyumba siku mbili, 45 ukigawanya kwa 3 unapata 15. Viti vile vile tisa vinatosha watu 15, mukipanga zamu vizuri. Hakuna chumba cha tatu, hakuna meza mupya. Mukubwa wangu alikuwa na fasi ya watu sita zaidi mu biro yenye alisema imejaa. Mimi nilikuwa nalomba moja tu.

Tuhesabu na njia. Kutoka Karavia mupaka mu muji na kurudi, moto na bisi, nilikuwa nalipa franga 3 000 kwa siku. Siku 22 za kazi, ni franga 66 000. Kampuni ilinipa 50 000 ya njia kila mwezi. Ile 16 000 ingine ilitoka mu mufuko wa mama yangu, mwenye anauzisha mukate. Kwa maneno ingine, mama wa mukate alikuwa anasaidia kampuni ya migodi. Kama ningekuja siku tatu kwa juma, ingekuwa safari 13 hivi kwa mwezi: franga 39 000. Mu ile 50 000 ingebakia 11 000, ya kununua mega na kulipa umeme kidogo. Kampuni haikuwa na lazima ya kuongeza hata franga moja.

Na masaa. Njiani nilikuwa napoteza masaa mawili na nusu kila siku, kungojea bisi, kujaa, kushuka, kutembea mu matope wakati wa mvua. Kwa mwezi ni masaa 55. Kodi ya kazi ya inchi yetu, ya mwaka wa 2002, inaweka kazi ya juma moja kuwa masaa 45. Hivyo kila mwezi nilikuwa natoa zaidi ya juma moja nzima ya kazi kwa barabara, na hakuna mutu alifaidika. Nilikuwa nafika saa mbili nimechoka kama vile nimebeba makala.

Kuna wenye watasema: hizo ni hesabu za kijana wa Karavia, hakuna mutu amejaribu. Wamejaribu. Mu Chine, kampuni ya safari yenye kuitwa Ctrip, ya Shanghai, ilifanya jaribio mu 2010 na 2011 pamoja na mwalimu Nicholas Bloom wa universite ya Stanford. Walikamata watumishi wa kupokea simu za wateja, wenye walijitolea wenyewe, wakawagawanya: wamoja ku nyumba siku ine kwa juma, wengine ku biro. Walipima miezi tisa. Wale wa ku nyumba walizidisha kazi kwa 13 kwa mia, na wenye kuacha kazi walipunguka nusu. Sehemu kubwa ya ile faida ilitoka mu masaa: mapumuziko ilikuwa mifupi, na siku za kugonjwa zilipunguka. Ingine ilitoka mu utulivu: waliweza kupokea simu mingi zaidi mu kila dakika.

Lakini tuseme ukweli wote, hata wenye haitupendeze. Kisha jaribio, karibu nusu ya wale wa ku nyumba waliomba kurudia ku biro. Walikuwa peke yao, walikosa wenzao. Na wenye walibakia ku nyumba hawakupandishwa cheo sawasawa na kazi yao, juu mukubwa alikuwa anasahau mwenye hamuoni. Njo maana silombe siku tano. Kampuni ile ile, yenye sasa inaitwa Trip.com, ilijaribu tena mu 2021 na 2022 na watumishi zaidi ya 1 600, siku mbili tu ku nyumba kwa juma. Matokeo yalitoka mu 2024 mu gazeti ya elimu *Nature*: kazi haikupunguka, kupanda cheo hakukupunguka, na wenye kuacha kazi walipunguka sehemu moja juu ya tatu. Wakubwa wa pale, mbele ya jaribio, walifikiri kazi itaharibika. Kisha jaribio walibadilisha mawazo yao wenyewe.

Kuacha kazi ni hasara kubwa, hata kama haionekane mu kitabu cha kasa. Mu miezi yangu sita niliona mama mumoja akiacha. Alikuwa na mutoto wa miezi mitano na alikuwa anaikala mbali, kupita Kasapa. Alikuwa anajua wateja wote kwa majina, alikuwa anajua mugodi gani unalipa haraka na gani unangojea barua tatu. Siku yenye aliondoka, ile elimu yote ilitoka naye ku mulango. Mutu mwenye alikamata fasi yake alihitaji miezi miwili ili ajue kazi, na makosa yake ilirudishiwa kampuni mara na mara. Siku mbili ku nyumba zingemubakiza. Wamama wangapi wa muji huu wako na diploma na wanauzisha mikate, juu kazi na mutoto haviingie mu bisi moja?

Wakubwa wa kazi, munatuambia kama kazi bila kuonekana haiwezekane hapa kwetu. Sasa niulize: ninyi wenyewe munatumikia wapi?

Muangalie historia ya muji huu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mu 1906. Ilichimba shaba hapa miaka karibu 60, na wakubwa wake wa juu walikuwa Bruxelles. Walikuwa wanaongoza mashimo yetu kwa barua na telegramu, kutoka kilometa maelfu. Mwisho wa 1966 serikali ya Mobutu ilitaka makampuni yalete makao yao makubwa mu inchi. Union Minière ilikatala, na ilinyanganywa. Njo mwanzo wa kampuni yenye tunaita leo Gécamines. Hata leo ni vile vile. Migodi iko Kolwezi na Fungurume, mabiro mingi yenye kuitumikia iko hapa Lubumbashi, na toka hapa mupaka Kolwezi ni kilometa karibu 300. Glencore, mwenye kuwa na KCC, makao yake iko Baar mu Uswisi. CMOC, mwenye kuwa na Tenke Fungurume, makao yake iko Luoyang mu Chine. Asubui wanafungua ordinatere, wanasoma tani ngapi zimetoka, wanatoa amri. Hakuna mutu anawauliza: "Ni nani atakuona?"

Kwa hiyo kutumikia mbali kuko Katanga tangu zamani. Lilikuwa tu pendeleo la wakubwa. Kama mutu anaweza kuongoza mugodi wa Kolwezi akiwa Uswisi, kijana anaweza kuandika fakture ya ule mugodi akiwa Karavia.

Na tulishajaribu kidogo, kwa nguvu. Mu mwezi wa tatu wa 2020, korona ilipoingia mu inchi, Haut-Katanga ilifungwa masaa 48, na tarehe 24 ya ule mwezi Rais alitangaza hali ya dharura. Mabiro mengi yalituma watumishi ku nyumba. Hapo hakuna mutu aliuliza ni nani atawaona. Watu walitafuta namna: hesabu zilipita ku WhatsApp, mikutano ilifanyika ku simu. Kenya vilevile, Safaricom ilituma watumishi wengi ku nyumba, hata wale wa kupokea simu za wateja. Kisha ugonjwa ulipunguka, na hapa kwetu wengi walirudia ku kiti bila kuketi chini na kuuliza: tulijifunza nini? Kazi gani ilienda vizuri? Gani iliharibika? Tulitupa masomo yenye tulilipia bei kali.

Sasa nasikia munavyojibu. Tujibizane.

"Si kazi yote inaweza kufanyiwa ku nyumba." Kweli kabisa. Mwenye kuchimba, mwenye kuendesha kamio, mulinzi wa mulango, muganga, mama wa soko ku Kenya, hao wote kazi yao iko pale yenye iko. Na njo wengi mu muji wetu. Siongee juu yao, na sitaki mutu afikiri kama hii inamaliza shida ya kukosa kazi. Naongea juu ya mabiro: hesabu, fakture, kutafsiri, kujibu wateja, kupanga safari za mizigo, kuandika ripoti. Lakini hata mulinzi na mama wa soko wanapata kitu: bisi yenye haijae sana asubui.

"Nyumba zenu ni ndogo, mu kelele." Ni kweli, kwetu tuko watu saba. Njo maana iwe kwa kujitolea, si kwa lazima. Ctrip nayo iliomba mutumishi awe na chumba chake na intaneti, na awe ameshatumika pale miezi sita. Mwenye nyumba yake haimuruhusu, abakie ku biro, na atapata utulivu zaidi.

"Watalala." Wengine watalala, na wenye kulala ku nyumba munawajua tayari: njo wale wenye kulala ku biro macho wazi. Mukipima kazi, mutawatambua haraka zaidi. Fakture ngapi, makosa ngapi, siku gani. Mutu anaweza kudanganya kiti mwaka muzima. Hesabu ya siku ya tano hawezi kuidanganya.

"Siri za kampuni zitatoka." Basi vitabu vya siri vibakie ku biro, na kazi yake ifanyike zile siku tatu. Siku mbili za nyumba ziwe za kazi ingine.

"Sheria haituruhusu." Kodi ya kazi inasema mukataba ni wa mutu mwenye kutoa kazi yake chini ya uongozi na mamlaka ya mwajiri, ikuwe moja kwa moja ao isiwe moja kwa moja. Mamlaka inaweza kupita ku simu. Andikeni tu mu mukataba: siku gani, masaa gani, ni nani analipa nini.

Na hapa napenda kugeukia upande wetu, vijana, juu kuna mutego. Mwajiri mwenye akili mbaya atasikia haya yote na kusema: "Vizuri! Nitafunga biro, nitaokoa pango na mazutu, na mutoto atalipa mega na umeme wake. Na juu ako ku nyumba, nitamupigia saa ine ya usiku." Hapana. Ile si faida, ni kuhamisha gharama kutoka mufuko wa kampuni mupaka mufuko wa mama wa mukate. Na inarudia kuharibu kampuni, juu mutumishi mwenye hana mega hatume kazi, na mwenye halali anakosea hesabu.

Tunalomba mambo ine, na tunayaandika wazi:

1. Siku mbili ku nyumba kila juma kwa mutumishi wa biro mwenye anataka na mwenye kazi yake inaruhusu. Hakuna kulazimisha mutu.

2. Franga ya njia ya zile siku mbili ibakie ya mutumishi, igeuke franga ya mega na umeme. Ordinatere ni chombo cha kazi, kampuni itoe.

3. Masaa ya kazi ni masaa ya kazi. Ikiisha, simu ya kazi inanyamaza.

4. Viti vyenye vitabakia wazi vikamatie vijana wapya ku kazi. Mukiokoa pango ya chumba, sehemu yake itoke mu mushahara wa mutu mumoja zaidi.

Hiyo ya ine njo inanifanya niandike. Bila hiyo, mwenye kazi atastarehe kidogo zaidi, na sisi tutabakia ku mulango na bahasha zetu.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya wakubwa wa kazi. Waya kubwa ya umeme kutoka Inga mupaka Kolwezi, karibu kilometa 1 700, ilijengwa mu miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 juu ya migodi. Inapita juu ya vijiji vyenye viko mu giza. Leo mu Kongo nzima karibu mutu mumoja tu juu ya tano ndiye ako na umeme. Na intaneti: mwisho wa 2018, kisha uchaguzi, serikali iliikata karibu siku 20. Mu 2020 ilileta RAM, kodi ya simu, dola 7 kwa mwaka kwa simu yenye kuingia ku intaneti ya 3G ao 4G, ikikatwa mu unite zetu bila kutuuliza. Tulipaaza sauti, wabunge wakapaaza sauti, na mu 2022 iliondolewa. Starlink ilikatazwa mu 2024, kisha ikapewa ruhusa mu 2025. Kila mara wakikata, wakitoza, wakikataza, wanafunga biro zenye hazina mulango. Intaneti ya leo ni barabara ya kazi. Hakuna mutu anafunga barabara ya Kasumbalesa siku 20 na kusema ni juu ya usalama.

Kuna jambo lingine lenye wachache wanalifikiri. Kazi yenye inaweza kutoka mu biro kwenda Karavia, inaweza pia kutoka hapa kwenda Nairobi ao kwingine, kwa mutu mwenye umeme na mega ya bei ndogo. Tusijidanganye. Lakini mulango unafunguka pande mbili. Lubumbashi ina saa yake, moja mbele ya Kinshasa. Ni saa ile ile ya Afrika ya Kusini mwaka muzima, na ya Ubelgiji wakati wa joto yao. Tunaongea kifaransa, kiswahili, wengine kingereza juu ya Zambia yenye iko karibu. Mwenye kujua kutumikia mbali na kampuni ya hapa, kesho anaweza kutumikia kampuni ya Johannesburg bila kupanda bisi. Mwajiri wa Lubumbashi mwenye ananyima kijana siku mbili, ajue kama wengine watakuja kumuchukua kwa siku tano.

Na sisi, ndugu zangu, tujiandae. Tukilomba kupimwa kwa kazi, tukubali kupimwa. Mwenye kupata staji leo, aandike kila mangaribi mistari mitatu: nimefanya nini, nini imebakia, nini imenizuia. Atume kwa mukubwa wake hata kama hakumuuliza. Siku yenye utalomba kutumikia ku nyumba, utakuwa na miezi ya ushuhuda mu mukono. Mimi sikufanya hivyo. Nilienda kulomba mikono mitupu, siku ya kukatika umeme, na mukubwa alikuwa tayari na hasira ya mazutu. Sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Kwa wakubwa wa kazi naleta ombi moja dogo. Jaribuni miezi tatu. Mukamate kazi moja tu, fakture ao kujibu wateja. Mupime mbele, mupime kisha: kazi ngapi imetoka, mazutu ngapi imewaka, watu wangapi wamechelewa, wangapi wameacha. Mukiona hasara, murudishe watu ku biro, na mimi nitaandika hapa hapa kama nilikosea. Mukiona faida, mukumbuke ombi la ine.

Wiki iliyopita nilipita mbele ya ile biro. Umeme ulikuwa umekatika tena, jenereta ilikuwa inalia. Kupitia dirisha niliwaona wote tisa, wako wameketi ku viti vyao, wanangojea. Walikuwa wanaonekana vizuri sana.

Kijana mwananchi, Karavia, Lubumbashi